Kapu la Mgeni

Mwaka 2016 wakazi wa Kinshasa waliambiwa kwamba mji wao ni wa sita duniani kwa ughali. Orodha ilitoka Mercer, kampuni ya ushauri ambayo kila mwaka hulinganisha gharama za maisha za wafanyakazi wanaotumwa nje ya nchi zao. Hong Kong ilikuwa ya kwanza, Luanda ya pili, zikafuata Zurich, Singapore na Tokyo, kisha Kinshasa. Geneva iliachwa nyuma. New York ilikuwa ya 11. Mtu wa Masina, mtaa wa watu wa kawaida mjini humo, anayekula mara moja kwa siku alikuwa na haki ya kucheka, ingawa hakudanganywa. Swali lililoulizwa ndilo halikuwa lake.

Swali lenyewe ni hili: mtu aliyezoea maisha ya New York akihamishiwa mji fulani, aongezewe kiasi gani ili asione tofauti? Wapimaji huzunguka na kapu la vitu zaidi ya 200: kodi ya nyumba, petroli, kikombe cha kahawa, suruali ya jinzi, tiketi ya sinema na mengineyo. Bei hugeuzwa kuwa dola, na New York ndiyo jiwe la mizani. Economist Intelligence Unit nao wana orodha yao ya miji 173, wakipima kwa jiwe hilohilo. Kapu halibadiliki, miji ndiyo inayopishana. Nyumba ya Gombe, mtaa wa kitajiri wa Kinshasa, yenye mlinzi, jenereta na tangi la maji, jibini lililokuja kwa ndege, shule ya kimataifa ya watoto: vyote hivyo hulipiwa kwa dola katika nchi ambayo karibu kila kimoja hukiagiza kutoka ng'ambo. Zurich ni ghali kwa sababu Mswisi analipwa vizuri. Kinshasa ni ghali kwa sababu mgeni anaitaka Zurich ndani ya Kinshasa.

Luanda ndiyo mfano ulio wazi kuliko yote. Ilishika nafasi ya kwanza mara kadhaa katika muongo uliopita, ya mwisho ikiwa 2017. Mafuta yalileta wageni wengi kwa haraka, vita vilivyokwisha 2002 vilikuwa vimeacha nyumba nzuri za kuhesabu, na serikali iliishikilia sarafu yake kwa nguvu mbele ya dola. Januari 2018 ikaiachia. Sarafu ikaporomoka, na Luanda ikateremka kwenye orodha miaka iliyofuata. Kwa mhandisi wa mafuta anayelipwa dola, mji ukawa rahisi. Kwa mama anayeuza samaki katika mji huohuo, kila kilichotoka bandarini kikapanda. Ukimuuliza kila mmoja wao kama maisha yamekuwa nafuu, utapata majibu mawili yanayopingana, na hakuna aliyesema uongo.

Sisi wa mashariki ya Kongo tulionja jambo hilo kwa upande wake wa pili. Mwishoni mwa 2025 faranga ilipopata nguvu ghafla, dola iliyokuwa ikibadilishwa kwa faranga 2,800 hivi ikaanguka chini ya 2,500. Mwenye mshahara wa dola alilia. Mwenye mshahara wa faranga akangoja bei ya sukari ishuke; akangoja sana.

Umoja wa Mataifa una mizani ya ziada. Tume yake ya utumishi wa kimataifa, ICSC, hupanga nyongeza ya mshahara kwa kulinganisha kila kituo na New York, lakini pia huvipanga vituo kwa ugumu, kuanzia H na A, vituo vya raha, hadi E, vituo vya taabu. Kuna vituo ambavyo familia hairuhusiwi kumfuata mfanyakazi. Kuna malipo ya hatari, na kuna mapumziko kila baada ya wiki kadhaa. Naupenda ukweli wa hati hizo kavu. Zinakiri kwamba kukosa umeme, kukosa daktari na kusikia risasi usiku ni gharama, hata kama ndizi sokoni ni za bure. Ila posho ya ugumu ni ya walioajiriwa kimataifa. Dereva aliyezaliwa Masisi, huku kwetu mashariki, anayezisikia risasi zilezile, hupimwa kwa kipimo kingine, kwa hoja kwamba yeye yuko kwao.

Mji wa Goma, kwenye mpaka wa Rwanda, ulijengwa upya na mizani hiyo. Julai 1994 wakimbizi wa Rwanda walipovuka mpaka kwa mamia ya maelfu, mashirika yaliwafuata, na baadaye ikaja MONUC, ujumbe wa Umoja wa Mataifa wa kulinda amani, ambao 2010 uligeuka MONUSCO. Wataalamu wawili wa Ubelgiji, Karen Büscher na Koen Vlassenroot, waliandika mwaka huohuo wa 2010 juu ya namna uwepo wa mashirika ulivyoubadili mji: nyumba za kando ya ziwa zikapangishwa kwa dola, mikahawa ikafunguliwa kwa ajili ya wenye mapumziko, ardhi ikapanda. Mwenyeji wa Goma alilijua hilo kabla ya kuandikiwa. Mwenye nyumba alikuwa akimuuliza swali moja tu: unafanya kazi wapi? Jibu ndilo lililopanga kodi, pamoja na idadi ya miezi ya garanti, yaani amana. Mwalimu akasogea pembeni mwa mji, Ndosho, halafu Mugunga, ambako msingi wa nyumba ni lava yenyewe.

Januari 2025 waasi wa M23 walipoingia Goma, wageni wengi waliondoka katika siku chache. Uwanja wa ndege ukafungwa, benki zikafungwa. Mtu akawa na pesa kwenye simu lakini kuzigeuza noti ni kwa kamisheni, na kamisheni ilipanda kadiri noti zilivyopungua. Ukiniuliza bei ya mkate wa Goma wakati huo, ningekuuliza kwanza: unalipa kwa simu au kwa noti?

Lakini Goma bado ni mji, na orodha zote hizo ni za miji. Twende tukalipime kapu mahali ambapo halijawahi kufika.

Mpofi iko pale ambapo Masisi inaishia na Walikale inaanza, kwenye barabara inayotoka Masisi-centre, kupita Nyabiondo, Kashebere na Kibua, kwenda Walikale. Nyuma yake ni milima ya Masisi: ng'ombe, maharage, viazi, jibini la mviringo linaloliwa hadi Kinshasa. Mbele yake ni msitu: mihogo, ndizi, mpunga, mawese. Ni kijiji cha barabarani, na nilifika pale nikiwa na kishikwambi na fomu ya kuulizia bei.

Lakini kwanza jaribu kujaza fomu ya Mercer. Nyumba ya vyumba viwili yenye samani katika mtaa unaofaa wageni: haipo. Mgeni hulala kwenye nyumba ya shirika, kwenye misheni, au anapanda gari kabla giza halijaingia. Tiketi ya sinema: haipo, ingawa mahali penye jenereta kijana huonyesha filamu kwa sarafu chache. Petroli: ipo, ndani ya chupa ya maji, imepangwa mezani kama juisi. Kahawa: Kivu inailima, lakini ukiagiza kikombe utaletewa ya unga wa kopo. Ukimaliza kujaza, nusu ya fomu ni tupu. Kwa mpimaji, mahali pasipo bei ni mahali pasipopimika, hivyo panaachwa. Na huyo mgeni asiyepimika, akikaa miezi mitatu, hurudi Ulaya na mshahara wake karibu mzima. Hakupata pa kuutumia.

Sasa weka chini kapu lake, uchukue la mwenyeji. Hapo bei zinaanza kuzungumza. Kadiri unavyotoka Goma kuelekea msituni, chumvi, sabuni, sukari, betri na madaftari hupanda kila kituo. Chumvi inayouzwa kwa kilo Goma, huku inapimwa kwa kijiko na kufungwa fundo ndani ya kipande cha plastiki, fundo dogo kama kucha ya dole gumba. Sabuni ya mche hukatwa vipande kwa uzi. Mwenye duka hafanyi hivyo kwa uchoyo. Anaigawa bei hadi ifikie mkono wa mnunuzi, na anayenunua kwa fundo hulipa zaidi ya anayenunua kwa gunia. Upande wa pili, mawese, mpunga na ndizi hushuka kadiri unavyozama msituni, na hupanda vikielekea Goma. Kijiji kinauza rahisi na kununua ghali. Kati ya bei hizo mbili kuna barabara.

Bia ndiyo inayofundisha zaidi. Kasha la Primus hufungwa nyuma ya pikipiki kwa kamba za mpira uliokatwa kutoka tairi la ndani. Msimu wa mvua, pikipiki inasukumwa zaidi ya inavyoendeshwa. Ikifika, bei ya chupa imebeba petroli, kizuizi baada ya kizuizi, chupa mbili zilizopasuka njiani, na jambo ambalo mgeni hulisahau: chupa tupu lazima irudi. Mnywaji wa Mpofi hulipia safari ya bia kuja na safari ya kioo kurudi. Nimeona mtu akimaliza chupa yake amesimama palepale kaunta, macho ya muuzaji yakiwa kwenye kioo, si kwenye uso wake.

Na vizuizi. Mwaka 2017 taasisi ya IPIS ya Ubelgiji ilichora ramani ya vizuizi vya barabarani katika Kivu zote mbili ikahesabu 798, vingine vya jeshi, vingine vya idara za serikali, vingine vya makundi yenye silaha. Gunia la maharage halijui tofauti, linatozwa tu. Kundi lenye silaha la NDC-R lilipotawala sehemu kubwa za Walikale na Masisi, kila mtu mzima alitakiwa kuwa na jetoni ya faranga 1,000 kwa mwezi. Kundi la Wataalamu wa Umoja wa Mataifa liliieleza katika ripoti zake. Jetoni ilikuwa kikaratasi. Bila hicho, kwenda shambani kwako mwenyewe kulikuwa safari ya mashaka. Katika kapu lipi la gharama za maisha utakiweka kikaratasi hicho? Si chakula, si nyumba, si usafiri. Ni ada ya kuwepo.

Wazee wa misafara wangekielewa upesi. Walikiita hongo, kabla neno hilo halijahamia ofisini. Mfanyabiashara wa pwani aliyekwenda bara katika karne ya 19 alilipa hongo kwa kila mtemi mwenye njia, na merikani, kitambaa alichokichukua Unguja, ilizidi thamani kila kituo. Msafiri Mwingereza Burton, aliyefika Ujiji 1858, aliliandika jambo hilo kwa makini ya karani. Shanga nazo zilikuwa na ukaidi wake: rangi iliyopendwa kijiji hiki ilikataliwa kijiji cha tatu, na msafara ulioleta rangi isiyotakiwa ulilala njaa ukiwa na mali. Leo mjini Goma toa noti ya dola yenye mchaniko wa nusu kidole uone. Itanyanyuliwa kwenye mwanga, itapapaswa, itarudishwa bila neno. Thamani yake Washington haijapungua hata senti.

Misafara hiyohiyo ilituachia posho, kibaba cha nafaka cha mpagazi kwa siku. Wabelgiji walipoajiri watu migodini na mashambani waliendelea kuwalipa sehemu ya ujira kwa chakula, na ndiyo maana mpaka leo, sehemu kubwa ya Kongo ya mashariki, Jumamosi ni siku ya posho. Hilo lilikuwa kapu la gharama za maisha pia, limepangwa na mwajiri kwa gramu.

Msitu wa Walikale uliwahi kuwa na bei kubwa kuliko hizi, na bila vumbi la barabara. Baada ya kasiteriti, mawe ya bati, kugunduliwa katika kilima cha Bisie mwaka 2002, ndege ndogo kutoka Goma zilitua juu ya lami pale Kilambo, barabara ikigeuka kiwanja. Zilileta bia, mchele, nguo. Zilirudi na mawe. Kutoka Njingala hadi mgodini ilikuwa mgongo wa binadamu, siku mbili za matope. Chupa ya soda iliyofika juu ya kilima kile ilikuwa na bei ambayo ingemshtua mpimaji wa Zurich, na mchimbaji aliilipa, kwa sababu mkononi alikuwa na jiwe na si faranga. Ughali wa Bisie haukumtisha aliyekuwa na bati. Ulimtisha mwalimu wa kijiji jirani, ambaye mshahara wake wa faranga ulibaki palepale huku soko likisoma bei za mgodi. Ni Luanda ileile, ndogo, chini ya miti. Leo kampuni ya Alphamin inachimba pale kwa mitambo, na kilima hicho kinatoa takriban asilimia 6 ya bati ya dunia.

Mpaka hapa nimesema mgeni nikimaanisha mwenye mkataba. Lakini mgeni anayejulikana zaidi Mpofi si yule. Ni aliyekuja kwa miguu, godoro kichwani, kuku kwapani. Kwenye vitabu anaitwa mhamishwaji wa ndani. Barabarani anaitwa deplase. Naye, mkimtazama vizuri, amebeba kapu.

Mtu wa milima ya Masisi amekulia maharage, viazi na maziwa. Akikimbilia msituni anakuta muhogo, ndizi na sombe, majani ya muhogo yaliyopikwa kwa mawese. Hivi ndivyo vya rahisi. Maharage, aliyoyaacha shambani yakiwa hayajavunwa, sasa anayakuta sokoni kwa gozi, lile kopo la maziwa ya mtoto linalotumika kama kipimo, na muuzaji analijua kopo lake: la kununulia lina mdomo mpana, la kuuzia limebonyezwa kitako. Mtoto anakataa muhogo siku ya kwanza, siku ya pili anakula. Mama anauza kitenge anunue gozi moja ya maharage kwa ajili ya mzee. Hesabu yake ni ileile ya Mercer: ni kiasi gani kinahitajika ili mtu asione tofauti? Yeye hana mwajiri wa kumfidia tofauti hiyo.

Ndugu zetu waliovuka bahari wanaijua hesabu hiyo pia. Wakongomani walikuwa kwa miaka kadhaa kundi kubwa kabisa la wakimbizi waliopokelewa Marekani, na katika kila mji waliofikia kuna duka la Kiafrika lenye friza, na ndani ya friza kuna sombe iliyogandishwa kama tofali. Jani ambalo Mpofi huchumwa nyuma ya nyumba hununuliwa kule kwa dola. Na msichana wa Mombasa anayefanya kazi za ndani Muscat? Kwa hesabu ya vitabuni gharama zake ni karibu sifuri: analala na kula kwa mwajiri. Naye ni mfanyakazi aliye nje ya nchi yake, lakini hakuna orodha inayomwita mtaalamu wa kigeni, na chini ya utaratibu wa kafala hawezi kubadili kazi kirahisi kama abadilivyo duka. Bei anayolipa haina lebo.

Tukisema haki, mashirika ya misaada yamejitahidi kutengeneza kapu la huyu mgeni wa pili. Yanaliita kapu la matumizi ya chini: unga, maharage, mafuta, chumvi, sabuni, kuni, maji, malazi. Linapimwa sokoni, linajumlishwa, na ndilo linaloamua kila familia ipewe pesa ngapi pale msaada unapotolewa kwa pesa. Ndiyo fomu niliyokuwa nayo. Ni kazi nzuri kuliko inavyosifiwa. Mtu akilinganisha kapu la Mpofi na la Goma mwezi kwa mwezi anaweza kuona barabara ikifungwa kabla redio haijasema. Machi 2025, vita vilipoteremka kutoka Masisi hadi M23 ikaingia Walikale-centre tarehe 19 na kuondoka mwanzoni mwa Aprili, bei za chumvi zingesimulia safari yote hiyo, kama pangekuwa na mtu aliyebaki sokoni kuziuliza.

Siku niliyokuwa Mpofi, mwaka mmoja wa nyuma, nilikaa na mama mmoja kutoka vilima vya juu ya Nyabiondo. Alikuwa akitwanga majani ya muhogo, na hakuacha kutwanga. Tulikwenda vizuri hadi mstari wa nane.

"Mama, kodi ya nyumba unalipa ngapi kwa mwezi?"

"Nyumba ya nani, mwanangu?"

"Hii mnayolala."

"Hii ya baba wa pale." Akaonyesha kwa mdomo. "Hatulipi pesa. Siku ya pili na siku ya tano ninamlimia shamba. Mtoto wangu mkubwa anamchotea maji kila asubuhi. Na siku ya posho, wakivuna, ninaparuza mpunga."

"Ukihesabu kwa faranga inaweza kuwa ngapi?"

Mchi ukasimama. Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mtoto aliyeuliza mvua inauzwa wapi.

"Hauwezi kuandika siku?"

Niliteremsha kidole kwenye kioo. Kisanduku kilikubali tarakimu peke yake, na hakikuniruhusu kwenda ukurasa unaofuata kikiwa tupu. Nikaandika sifuri.

"Umeandika nini?"

"Nimeandika hulipi, mama."

"Haya," akasema, akaushika mchi.